Kutazama Nyota Bangwe: Tathmini ya Mihadhara ya Anga ya Kigoma

Kwa muda sasa kikundi cha walimu wa sayansi na vijana wachache wa Manispaa ya Kigoma-Ujiji kimekuwa kikiandaa, mara moja kwa mwezi, mhadhara wa wazi kuhusu elimu ya anga, ambao hufuatwa na mkusanyiko wa kutazama nyota. Mhadhara hufanyika katika ukumbi wa shule moja ya sekondari eneo la Mwanga, kisha wanaotaka kuendelea hupanda bajaji au bodaboda hadi upande wa Bangwe, ambako darubini husimikwa kwenye uwanda mdogo ulio juu ya ziwa. Kiingilio ni shilingi 3,000 kwa mtu mzima, wanafunzi huingia bure, na nauli ya kwenda Bangwe kila mtu hujilipia. Nimekuwa nikihudhuria tangu kiangazi cha mwaka 2024, kwa kuruka baadhi ya miezi, na watu wanaoniuliza kama inafaa kwenda huwa nawarudishia swali: usiku upi, na mada ipi? Kikundi hiki kinapozungumzia anga kama linavyoonekana kutoka Kigoma, sijapata kusikia elimu hiyo ikifundishwa vizuri zaidi. Kinapoonyesha slaidi zilizotengenezwa kwa ajili ya anga la watu wengine, ni afadhali mtu abaki nyumbani akae barazani.

Nianze na saa, kwa kuwa ndiyo iliyowakimbiza wengi waliofika mara moja na kutorudi. Tangazo la awali, lililobandikwa madukani na kusambazwa kwa simu, lilisema kwamba utazamaji unaanza saa 1:00 usiku. Mkazi wa Dar es Salaam angeliona hilo kuwa la kawaida, maana huko saa moja ni giza tayari. Hapa kwetu saa moja jua ndiyo kwanza linaagana na milima ya Kongo. Tanzania nzima inatumia saa inayofuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haupiti katika ardhi yetu hata kidogo bali hupita karibu na Mogadishu, ilhali Kigoma iko kwenye nyuzi 29 na ushei. Na kwa kuwa kila nyuzi moja ni dakika nne za mwendo wa jua, jua letu huchelewa saa nzima kuliko inavyosema saa ya ukutani. Ndiyo maana hapa linazama kati ya saa 12:50 jioni na saa 1:20 usiku kutegemea wakati wa mwaka, na giza kamili, lile linaloruhusu nyota hafifu kuonekana, huingia dakika 70 hivi baadaye. Watu walikaa zaidi ya saa nzima wakiitazama darubini iliyofunikwa turubai, watoto wakaanza kulia njaa, na Waislamu waliokuwapo wakajikuta wakilazimika kuchagua kati ya Isha na Zohali. Waandaaji wanastahili sifa kwa kuwa walisikia: tangu katikati ya mwaka 2025 mhadhara huanza saa 11:30 jioni, hukatizwa kwa ajili ya Magharibi, na utazamaji huanza saa 2:45 usiku watu wakiwa wamekwisha kuswali na kula. Hata hivyo, kwa watu wanaofundisha mwendo wa jua, ratiba hiyo ilipaswa kuwapo tangu siku ya kwanza.

Sehemu dhaifu kuliko zote ni mihadhara ya utangulizi, ile inayorudiwa kila wanapopatikana wageni wengi. Slaidi zake zimechukuliwa mtandaoni kutoka kwa watu wa Ulaya na Marekani, zikatafsiriwa maneno bila kutafsiriwa anga. Kijana mmoja mwenye sauti nzuri na maandalizi ya kutosha alitumia karibu robo saa kueleza namna ya kuipata Nyota ya Kaskazini, kwa mishale na michoro ya rangi, mpaka mama mmoja muuza vitenge aliyekuwa mbele yangu alipoinua mkono na kuuliza, "Mwanangu, hiyo nyota kwetu hapa inatokea upande gani?" Jibu la kweli ni kwamba haitokei. Kigoma iko karibu nyuzi tano kusini ya Ikweta, na nyota hiyo, ambayo imekaa karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya anga, kwetu hubaki nyuzi kama tano chini ya upeo wa macho mwaka mzima, hata upande kilima gani. Slaidi iliyofuata ilizungumzia kuketi nje "katika usiku wenye joto wa mwezi Julai", nasi tulikuwa tumejifunika masweta kwa sababu ya kusi iliyokuwa ikivuma kutoka ziwani. Mambo ya namna hii ni madogo kwa kuyataja moja moja, lakini yakijikusanya humfanya mwanafunzi aamini kwamba elimu ya anga inahusu mahali pengine.

Jambo hilo linasikitisha zaidi kwa sababu mahali tulipo ni pazuri mno kwa kazi hii. Mtu aliye nyuzi tano kutoka Ikweta hupata kuona, katika mzunguko wa mwaka, karibu nyota zote zinazoonekana kutoka duniani. Mwezi Mei, saa tatu usiku, mtu akisimama Bangwe akageuza shingo kaskazini ataliona kundinyota la Dubu Mkubwa likiwa limepinduka juu ya vilima, kisha akageuka kusini ataukuta Msalaba wa Kusini umesimama. Jambo hilo mkazi wa London hawezi kulipata, wala mkazi wa Cape Town. Mwalimu wa hisabati katika kikundi, mama wa makamo ambaye husema kidogo na ambaye kwa maoni yangu angepaswa kupewa nusu ya mihadhara yote, alilitumia hilo kwa zoezi ambalo mpaka leo nalihesabu miongoni mwa mambo bora niliyoyaona katika mikusanyiko hii. Aliwagawia wanafunzi vipimapembe vya kawaida vya mkebe wa hisabati, kila kimoja kikiwa kimefungwa uzi wenye nati iliyokuwa ikining'inia. Kisha akawaelekeza wailenge nyota ya chini kabisa ya Msalaba kupitia ukingo ulionyooka wa kipimapembe, wasubiri nati itulie, na mwenzao asome uzi unapokatiza na kutafuta tofauti kati ya namba hiyo na 90. Upepo ulikuwa ukiuyumbisha uzi, kwa hiyo mmoja alipata nyuzi 31, mwingine 33, na kijana mmoja aliyekuwa na haraka akapata 36. Mwalimu akaiacha hiyo ya haraka, akachukua wastani wa zile mbili za kwanza, yaani 32, akaeleza kwamba nyota hiyo iko nyuzi 27 kutoka ncha ya kusini ya anga, na kwamba Msalaba unaposimama wima nyota hiyo huwa juu ya ncha. Basi, ukitoa 27 katika 32 unabaki na tano, kimo cha ncha juu ya upeo wa macho, nayo ndiyo latitudo ya Kigoma. Wanafunzi walikuwa wameipima nafasi yao duniani kwa uzi na nati.

Kutoka hapo aliingia Ujiji kwa njia ambayo sikuitarajia. Kila mtoto wa Kigoma amepelekwa angalau mara moja kuona mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, na wengi wetu tumechoka kusikia habari za kofia na salamu. Mwalimu aliiacha hadithi hiyo kando, akazungumzia sekstanti, chombo cha kupimia pembe za jua, mwezi na nyota. Alieleza kwamba Livingstone alikuwa akipima nafasi za mahali alipopita kwa kutazama jua, mwezi na nyota, na kwamba aliyemfundisha kutumia chombo hicho vizuri na kumkagulia hesabu zake alikuwa Thomas Maclear, mwanafalaki wa serikali ya Uingereza aliyekuwa Cape Town. Latitudo ilikuwa rahisi kwa watu wa zama hizo, kwa namna ileile ambayo wanafunzi walikuwa wameifanya dakika chache nyuma. Longitudo ilikuwa balaa, kwa sababu ilihitaji kujua saa kamili ya mahali pengine, na saa za kubeba zilikuwa zikiharibika safarini, hivyo ikabidi kupima umbali kati ya mwezi na nyota na kufanya hesabu ndefu usiku kucha. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, na hakuonyesha slaidi hata moja.

Mhadhara ambao ningemshauri kila mtu asiukose, utakaporudiwa, ni ule wa mwandamo wa mwezi. Katika mji wenye Ujiji ndani yake, mada hii si ya wapenda nyota peke yao. Ukumbi ulijaa wazee wenye kofia na vijana wa madrasa, na mzungumzaji, mwalimu wa fizikia, alijua kwamba anatembea juu ya ardhi laini. Alianza na yale yasiyo na ubishi: kwamba mwezi mpya kwa hesabu ni ile dakika mwezi unapopita upande mmoja na jua, wakati ambapo hakuna awezaye kuuona, kwamba baada ya hapo mwezi hujitenga na jua kwa karibu nusu ya nyuzi moja kwa kila saa, na kwamba mwezi usiofikisha saa 15 hivi tangu dakika ile kwa kawaida hauonekani kwa macho matupu, hata anga likiwa safi kiasi gani. Kisha akaja kwenye Kigoma. Jua huzama huku dakika karibu 40 baada ya kuzama Dar es Salaam, na katika dakika hizo mwezi unazidi kukua na kujitenga, japo kwa kiasi kidogo sana. Kwa hiyo zipo jioni, si nyingi, ambazo mwezi uliokataa kuonekana pwani unaweza kuonekana na mtu aliyesimama ufukweni mwa Tanganyika, bila yeyote kati ya wawili hao kuwa mwongo.

Mzee mmoja wa Ujiji alisimama na kuuliza swali ambalo bila shaka wengi walikuwa nalo moyoni: "Mwalimu, sisi huku tumepata kuuona mwezi, kisha redioni tukasikia haujaonekana. Tumwamini nani?" Mwalimu alimjibu kwa adabu ambayo wazungumzaji wengi wangeikosa. "Mzee wangu," alisema, "hesabu inaniambia mwezi uko wapi, na kama jicho linaweza kuukamata. Nani afunge na nani afungue, hilo ni la masheikh, si la mwalimu wa fizikia." Akaongeza jambo la manufaa kwa wanaotoka kwenda kuutafuta: kwamba milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa huumeza mwezi kabla haujafika majini, kwa hiyo anayesubiri mpaka mwisho kabisa, akidhani bado ana nafasi juu ya upeo wa maji, huenda akakosa kitu ambacho kilikuwa mbele yake dakika chache nyuma. Mjadala uliofuata ulichukua muda mrefu kuliko mhadhara wenyewe, na pikipiki za Bangwe zilitungoja bure. Sikusikia hata mmoja akilalamika.

Mada ya Kilimia ilikuwa fupi kuliko ilivyostahili. Mzungumzaji alitaja methali ya zamani, "Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua", na kuonyesha kwamba kwa Kigoma inakubaliana na kalenda: kundi hilo la nyota hupotea magharibi mwanzoni mwa Mei, mvua zinapokuwa zinakatika, na huzuka tena mashariki alfajiri mwezi Juni katikati ya kiangazi, kisha mwezi Novemba huchomoza jua likishazama, wakati watu wamo mashambani. Alieleza pia kwamba nuru tunayoiona kutoka huko imesafiri kwa miaka kama 440, yaani iliondoka miaka michache kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1593. Mama mmoja mkulima kutoka Mwandiga alitaka kusimulia jinsi baba yake alivyokuwa akizitazama nyota hizo kabla ya kupanda maharage, akakatizwa kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha. Huyo ndiye aliyepaswa kupewa kipaza sauti, na slaidi za mwisho zikaachwa.

Sasa twende Bangwe. Mahali palipochaguliwa pana sifa moja kubwa na kasoro moja ambayo inatokana na sifa hiyohiyo. Upande wa magharibi ziwa liko wazi, kwa hiyo sayari zinazozama huonekana mpaka karibu na milima ya ng'ambo. Lakini waandaaji, kama watazama nyota wote duniani, huchagua usiku usio na mwezi. Na usiku usio na mwezi ndio ambao wavuvi wa dagaa huingia ziwani, kwa sababu dagaa hufuata taa pale tu penye giza. Matokeo yake, usiku ambao ni bora kabisa kwa hesabu, ziwa lote kutoka Kibirizi kwenda kusini huwa limejaa taa, na tangu karabai zianze kuachiwa nafasi taa za umeme zenye mwanga mweupe, nusu ya chini ya anga la magharibi huwa imepauka. Siwalaumu wavuvi, wao wanatafuta riziki nasi tunatafuta starehe. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, tuliliona likiwa jeusi kabisa, na Njia ya Maziwa ilishuka hadi kwenye milima bila kufifia. Lakini lilikuwa giza ambalo kwa nyumba nyingi za Katonga na Kibirizi lilimaanisha sufuria tupu, na sikupenda kusikia watu wakilishangilia. Ushauri wangu kwa waandaaji ni wa vitendo: darubini zihamishiwe upande wa pili wa kilima, unaotazama mashariki na kusini, ziwa libaki mgongoni. Katika kiangazi vitu vizuri zaidi viko kusini na juu ya kichwa hata hivyo, kundinyota la Nge na kitovu cha Njia ya Maziwa vikiwa vya kwanza.

Kuhusu vyombo, kikundi kina darubini moja ya kweli, ya kioo chenye kipenyo cha milimita 200, ya aina inayosukumwa kwa mkono juu ya kitako cha mbao, pamoja na darubini ndogo za macho mawili. Chombo ni kizuri na kinatunzwa vizuri. Tatizo ni foleni. Kwa lenzi inayokuza mara 120, mzunguko wa dunia hukitoa kitu nje ya duara la kutazamia kwa muda wa dakika moja na nusu hivi, kwa hiyo kila baada ya mtu mmoja au wawili kijana anayeisimamia hulazimika kulenga upya, na penye watu hamsini mtu anaweza kusubiri saa nzima ili atazame kwa sekunde ishirini. Wale wanaochoka wakaondoka huwa hawajui kwamba zile darubini za macho mawili, zinazolala juu ya meza bila mtu, zinaonyesha baadhi ya mambo vizuri zaidi: makundi ya nyota yaliyo kwenye mkia wa Nge, kwa mfano, huenea mno yasitoshe ndani ya darubini kubwa. Mtu mmoja akikaa kwenye meza hiyo na kuwaongoza watu, foleni itapungua nusu.

Mwaka 2025 Zohali ilileta masikitiko ambayo yangeweza kuzuiwa kwa sentensi moja. Tangazo lilikuwa na picha ya sayari hiyo ikiwa na pete pana zinazong'aa. Mtoto mmoja wa darasa la tano, aliyesimama juu ya kigoda, alitazama kwa muda kisha akageuka na kusema, "Mbona ni kama shanga iliyochomwa sindano?" Alikuwa amesema sawasawa. Pete za Zohali ni pana mno lakini ni nyembamba mno, na kila baada ya miaka 15 hivi dunia hupita kwenye usawa wake, tukaziona kwa ubavu. Safari hii ilitokea tarehe 23 Machi 2025, na miezi iliyofuata zilibaki mstari mwembamba tu. Kijana wa darubini aliyajua yote hayo na aliyaeleza vizuri alipoulizwa, lakini aliyaeleza kwa wale waliouliza. Wengine waliondoka wakidhani darubini ni mbovu. Vivyo hivyo kwa Omega Sentauri, fundo la mamilioni ya nyota lililo umbali wa miaka ya nuru kama 17,000, ambalo machoni huonekana kuwa wingu la kijivu lenye chembechembe. Seli za jicho zinazofanya kazi gizani hazitambui rangi, na mtu aliyeambiwa hivyo mapema hutazama kwa subira na kuanza kuziona chembe moja moja pembeni. Asiyeambiwa hutafuta zile rangi za kwenye picha, akazikosa, akatoa nafasi kwa anayefuata.

Usiku bora niliowahi kuwa nao pamoja na kikundi hiki haukuhitaji darubini. Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, na kwa Kigoma wakati ulikuwa mzuri mno: mwezi ulichomoza ukiwa mzima jua likizama, kivuli cha dunia kikaanza kuumega saa 1:27 usiku, na kuanzia saa 2:30 ukafunikwa wote kwa dakika 82. Kwa kuwa ulikuwa mwezi mpevu, wavuvi wa dagaa walikuwa nchi kavu, kwa hiyo giza lilipoingia juu liliingia na ziwani pia, jambo ambalo halitokei katika mikusanyiko ya kawaida. Moshi wa mapori yanayochomwa mwezi Septemba ulikuwa umetanda kidogo, na mwezi ulikuwa na wekundu uliofifia, wa tofali lililoungua. Mwalimu wa fizikia alieleza mara moja, kwa sauti ya kawaida, kwamba wekundu ule ni mwanga wa jua uliopita pembezoni mwa dunia na kupindishwa na hewa yake, rangi ya buluu ikiwa imetawanywa njiani, kisha akanyamaza akawaacha watu watazame. Baadhi ya wazee waliaga wakaenda msikitini kuswali swala ya kupatwa kwa mwezi, na waliobaki wakawahesabia watoto nyota zilizokuwa zikijitokeza, Zohali ikiwa upande wa mashariki. Hakuna aliyetoa tiketi wala kuulizwa kiingilio usiku huo, nami nalihesabu hilo kwa faida yao.

Yapo mambo ya kawaida ambayo msomaji angependa kuyajua. Mbu ni wengi kuanzia saa mbili, kwa hiyo mikono mirefu ni lazima. Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza na tochi moja ya simu huliharibu kwa sekunde. Waandaaji hugawa vipande vya karatasi nyekundu ya plastiki vya kufunikia tochi, lakini hawana ujasiri wa kuwakemea wakubwa wanaopiga simu katikati ya watu. Choo hakipo. Usafiri wa kurudi mjini baada ya saa nne ni wa kubahatisha, na nimeona akina mama wakiondoka mapema kwa sababu hiyo tu, wakati bajaji mbili zilizokubaliwa bei mapema zingelimaliza jambo hilo. Chai ya tangawizi inauzwa na ni nzuri.

Katika mhadhara mmoja walitaja, kwa kupita, kwamba mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki uliipa kila nchi nafasi ya kutaja jina la nyota na sayari yake, na kwamba Tanzania iliita nyota yake Mpingo na sayari yake Tanzanite. Nyota hiyo iko katika kundinyota la Nyangumi, haionekani kwa macho matupu, na darubini ya kikundi inatosha kuionyesha kama nukta. Nimekuwa nikingoja usiku watakapoielekeza huko, maana sijui kitu rahisi zaidi cha kuwafanya wanafunzi wa Kigoma wapange foleni kwa hiari yao.

Kwa anayetaka kwenda, Juni na Julai ndiyo miezi ya kuchagua, moshi ukiwa haujaanza na anga likiwa kavu. Kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu hufuta utazamaji mara nyingi, unabaki mhadhara peke yake, na mara nyingi ni ule wa slaidi za Nyota ya Kaskazini, ilhali kiingilio hakipungui. Nimewaambia waandaaji ana kwa ana kwamba kwa miezi hiyo shilingi 1,500 zingetosha, na kwamba mhadhara wa mwandamo urudiwe Ujiji kwenyewe, si Mwanga, kabla ya Ramadhani. La kwanza walilicheka. La pili walisema watalifikiria.